Vikombe vya Taa na Mkono wa Mkwe

Kulikuwa na majira mazima ya ujana wangu ambayo sikumpa mtu mkono, na nilijiona nina haki kabisa. Watu wa Makambako walininyooshea mikono kunisalimia, nami nikarudisha yangu nyuma ya mgongo, nikainamisha kichwa kidogo na kusema, "Samahani, mikono yangu iko kazini." Nilisema hivyo hata siku za Jumapili, wakati kazi yenyewe ilikuwa imefungiwa kwa kufuli. Nikikumbuka leo nashangaa kwamba hakuna aliyenizaba kibao.

Kazi yenyewe ilikuwepo kweli, na lazima niieleze, maana nisipoieleza nitaonekana mpumbavu kuliko nilivyokuwa.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka ile ya baada ya vita. Makambako ilikuwa njia panda yenye upepo mkali na maduka machache ya mabati. Magari ya Iringa, ya Mbeya na ya Njombe yote yalisimama pale, abiria wakateremka kunyoosha miguu na kulaani baridi. Mgiriki mmoja alijenga hoteli mahali hapo, na alipomaliza kuezeka akataka neno HOTEL liandikwe juu ya mlango kwa mirija ya kioo inayowaka nyekundu, kama alivyoona Nairobi. Akaagiza. Mirija ikafika imekuwa changarawe, kwa sababu ya mashimo ya barabarani. Akaagiza tena, ikafika changarawe tena. Mtu mwenye akili zake angeandika neno hilo kwa rangi ukutani. Yeye akamleta fundi mwenyewe, pamoja na pampu yake, transfoma yake na mitungi yake ya gesi, akampa ghala la nyuma ya hoteli liwe karakana.

Fundi huyo alikuwa Mwitaliano aliyeletwa nchini akiwa mateka wa vita, kisha vita vikaisha naye akasahau kurudi kwao. Mimi nilikuwa mhudumu wa mezani pale hotelini, nimesoma shule ya misheni Njombe hadi karo ilipomshinda baba yangu. Fundi alimwuliza Mgiriki nani kati ya wahudumu havunji glasi. Akatajwa mmoja tu, nami nikawa ndiye. Nyumbani nilisema nimechaguliwa kwa sababu ya akili.

Taa ile haina utambi wala waya ndani. Ni mrija mtupu wa kioo, uliopindwa kwa moto ukawa herufi, na kila mwisho wa mrija kuna kikombe kidogo cha chuma, chenye upana wa kidole gumba, kimekaa ndani ya kishingo cha kioo. Fundi alikiita elektrodi. Mimi nilikiita kikombe, na baada ya muda hata yeye akakiita kikombe. Umeme huingilia hapo. Ndani ya kikombe kumepakwa unga mweupe, na siri yote ya taa iko kwenye huo unga.

Kabla taa haijawa taa, vikombe lazima vichomwe. Fundi alikuwa akiviunga kwenye mrija kwa moto, halafu akaufunga mrija kwenye pampu, pampu ikafyonza hewa. Kisha akapitisha umeme mkali kutoka kwenye transfoma yake. Hapo jenereta ya hoteli iliguna kama ng'ombe anayezaa, taa zote za vyumbani zikafifia, na mpishi akatutukana kutoka jikoni. Kioo kilipata moto hata kipande cha gazeti ukikilaza juu yake kinageuka kahawia. Baadaye vikombe navyo vikaanza kuwa vyekundu, kwanza wekundu mzito, halafu wekundu wa makaa yanayopulizwa. Katika rangi hiyo unga unaiva na kutoa pumzi chafu zake zote, na pampu inazimeza. Vikichomwa kidogo, taa itawaka siku chache halafu ncha zake zitaanza kuwa nyeusi. Vikichomwa kupita kiasi, chuma kinalegea na kioo kinapasuka. Vikiiva sawasawa, unaacha vipoe, unaingiza gesi kidogo, unaziba kwa moto, basi.

Kazi zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuvaa miwani nyeusi, kutazama rangi ya vikombe na kupiga kelele, "Tayari!" Ya pili ni kuvisafirisha vikombe kutoka kwenye boksi lao hadi mezani kwa fundi bila kuvigusa kwa mkono mtupu. Mafuta ya kidole huungua mle ndani na kuacha masizi, na kikombe kimekwisha. Sasa fikiria mikono yetu watu wa nyanda za juu, ambayo tunaipaka mafuta ya nyonyo asubuhi na jioni isipasuke kwa baridi. Fundi alipoitazama mikono yangu siku ya kwanza alishika kichwa. Akanikataza mafuta, akanipa glavu nyeupe za pamba, na akaniambia nisisalimiane kwa mkono saa za kazi.

Saa za kazi, ndivyo alivyosema. Mimi nikaongezea mengine kutoka mfukoni mwangu.

Kichwa kilivimba. Nilianza kuvaa glavu njiani kwenda kazini, halafu njiani kurudi, halafu sokoni. Miwani nyeusi nikaipandisha juu ya paji la uso na kuisahau pale makusudi. Jumapili moja niliingia kanisani nimevaa glavu, nikaimba nimeshika kitabu cha nyimbo kwa ncha za vidole, na kina mama wa kiti cha nyuma wakaulizana kwa sauti ya kutosha kama nimeungua au nina ukoma. Nilipotoka nje watu walipanga mstari kusalimiana kama desturi, nami nikapita kando ya mstari nikisema ile sentensi yangu. Kwetu mtu anaweza kukosa kiatu akavumiliwa. Asiyetoa mkono, watu wanaanza kujiuliza amelelewa na nani.

Nilipaswa kulijua hilo vizuri, maana wakati huo nilikuwa natafuta mke.

Binti mwenyewe alikuwa wa Mjimwema, kule Njombe mjini. Tulikuwa tumesoma shule moja, yeye akiwa mbele yangu kwa hesabu na kwa ulimi. Mimi nilimpenda tangu siku aliponisahihisha mbele ya darasa, na sikuona aibu, jambo ambalo lilinishangaza. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, mtu mrefu, msemaji wa maneno machache, anayetunza taa za kanisa. Kila Jumamosi alikaa barazani na taa zote za mafuta, akizifuta vioo kwa kitambaa alichokizungusha kwenye kidole chake kidogo, moja baada ya nyingine, hadi usingejua kama kuna kioo. Watoto wa Mjimwema walikuwa wakinyamaza wakipita hapo. Mimi pia nilikuwa nikinyamaza, na nilikuwa na ndevu.

Siku moja ya soko nilimkuta binti Njombe anauza viazi. Nilikuwa nimevaa glavu. Alizitazama, akatazama uso wangu, akazitazama tena.

"Baba amesikia," akasema.

"Amesikia nini?"

"Kwamba hutoi mkono. Kwamba umekuwa Mzungu wa Makambako."

Nilianza kumweleza habari za vikombe, unga na masizi. Alinisikiliza huku akipanga viazi, kisha akasema, "Mimi mwenyewe mara ngapi nimekupa mkono ukanipa kiwiko? Niolewe na kiwiko?"

"Ni kazi."

"Hapa ni sokoni." Akapunguza sauti. "Sikia. Baba hajakataa. Amesema atakuja Makambako mwenyewe akusalimie. Ukimpa mkono, tutaongea. Usipompa, usije kwetu tena, na mimi sitakutetea. Nimechoka kukutetea."

Nilisema hakuna shida. Nilirudi Makambako nikiwa juu ya gunia la mahindi kwenye lori, na njia nzima nilifanya mazoezi ya kupokea mkono wa mkwe, mikono miwili, goti limeinama kidogo, macho chini. Upepo ulinipiga usoni na mwenye gunia aliniuliza kama naumwa tumbo.

Mzee alikuja siku mbaya kuliko zote. Sherehe ya kuwasha taa ya hoteli ilikuwa kesho yake. Herufi nne zilikuwa tayari zimeshafungwa juu ya mlango, imebaki ya mwisho, na katika boksi la vikombe vilibaki viwili tu. Vya akiba tulikwisha kuvipasua, kimoja kwa bahati mbaya na vingine kwa sababu nilipiga kelele "Tayari!" nikiwa nawaza Mjimwema. Vingine vingetoka Nairobi, na Nairobi hapakuwa jirani. Fundi alikuwa nje anabishana na mwendesha jenereta. Mimi nimevaa glavu, nimeshika sinia lenye vile vikombe viwili mbele ya kifua changu, natembea polepole kuelekea mezani.

Mlango ukafunguka. Akaingia amevaa koti zito la askari, kofia mkononi, uso umekauka kwa baridi ya safari.

"Kamwene," akanisalimu kikwetu, na akanyoosha mkono.

Ningeweza kuweka sinia chini. Meza ilikuwa hatua chache tu. Ningeweza kuvua glavu, kupokea mkono, kisha kunawa na kuvaa glavu nyingine safi, maana zilikuwepo kwenye kabati. Haya yote nimeyafikiria tangu siku hiyo, na kila mara naona yalikuwa rahisi. Mimi niliganda. Miezi ya kurudisha mkono nyuma ilikuwa imeingia kwenye mifupa, na badala ya mkono nilimpa kifundo cha mkono, kama anavyofanya mtu aliyetoka kukanda matope. Kifundo hicho kilikuwa kimefunikwa na glavu nyeupe isiyo na doa.

Mzee aliitazama ile glavu. Akagusa kifundo kwa vidole viwili, kidogo tu, akaachia.

"Naona," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimvutia kiti, nikaweka sinia mezani mbele yake, nikasema, "Karibu, baba, karibu sana, ngoja nikuletee chai," nikatoka mbio kwenda jikoni. Mpishi aliniuliza nakimbia nini. Nikamwambia mkwe. Akaniwekea sukari bila kuuliza zaidi.

Niliporudi na chai, mzee alikuwa amekaa nilipomwacha. Mkono wake wa kushoto umeshika kikombe kimoja cha taa, amekiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kidole kidogo cha mkono wa kulia, kimezungushiwa pembe ya leso, kilikuwa ndani ya kikombe, na kilikuwa kinazunguka. Taratibu, kwa uangalifu, kwa mkono wa mtu anayeijua kazi yake.

Nilisimama mlangoni na chai yangu.

Kwetu mkwe hakatazwi. Humwambii mkwe acha, humwambii usiguse, humnyang'anyi kitu mkononi, hasa kama dakika tano zilizopita umempa kifundo cha glavu. Leso ilifunguka, ikamtoka kidoleni, akamalizia kwa kidole kitupu. Akapuliza ndani. Unga mweupe ukaruka kwenye mwanga wa dirisha, wote, unga ambao umevuka bahari ukiwa umefungwa kwa pamba, na ukatua kwenye sakafu ya Makambako.

"Mmeacha uchafu humu," akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole, mara ya kwanza kuisikia hivyo. "Taa ikiwa na vumbi ndani haiwaki vizuri, mwanangu."

Mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo.

"Asante, baba," nikasema.

Akakirudisha kikombe kwenye sinia, karibu na mwenzake, akanyoosha mkono kwenda kwa cha pili. Hapo nilipata akili iliyokuwa imepotea tangu asubuhi. Nikamwekea bilauri ya chai kwenye kiganja kabla hakijafika. Akanywa.

Ndipo fundi akaingia, mafuta ya jenereta shavuni, anaharakisha. Alimsalimia mzee kwa kichwa, akavaa glavu zake, akachukua kikombe cha kwanza na kukimulika kwa tochi kama alivyokuwa akifanya kwa kila kikombe. Akakigeuza. Akamulika tena.

"Unga iko wapi?" akaniuliza.

Nilipokea bilauri ya mzee nikaiweka mezani.

"Wewe! Unga iko wapi? Hii natoka na unga, mimi naona asubuhi! Nani nagusa hii?"

"Ni mimi," nikasema.

Nilidhani nimesema kishujaa. Kumbe sauti ilinitoka nyembamba. Fundi aliniambia maneno mengi. Mengine yalikuwa ya kwao na nashukuru sikuyaelewa. Ya Kiswahili yalitosha: kwamba mimi ni mjinga, kwamba ngedere angebeba vikombe vizuri zaidi, kwamba kesho wageni wa Mgiriki watasoma taa yenye pengo. Yote hayo mbele ya mtu niliyetaka anipe binti yake. Halafu akanishika mikono ghafla, akaigeuza, akazikagua glavu, kidole kwa kidole. Zilikuwa safi.

"Hapana kuwa wewe," akasema, na hasira ikamgeuka mshangao. "Glavu safi. Kwa nini nasema uongo?"

Akainua macho polepole kumtazama mzee.

Nami nikamtazama. Mzee alikuwa anatazama kidole chake kidogo. Kilikuwa cheupe mpaka kwenye kiungo, na vidole viwili vya jirani vimepata unga pia. Alikuwa mtu wa kutunza taa, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Nilimwona anaelewa. Kisha mtu huyo ambaye Mjimwema nzima ilinyamaza ikipita mbele ya baraza lake, akauingiza mkono wake taratibu ndani ya mfuko wa koti, akautazama ukuta.

Kwa miaka mingi nilikuwa nimemwogopa. Woga ulinitoka pale pale. Nilimpenda, ghafla na kwa nguvu, na nilikuwa tayari kuitwa ngedere mpaka jioni.

"Ni mimi," nikamwambia fundi. "Nilivua glavu."

Fundi alinitazama, akamtazama mzee, akanitazama tena. Alikuwa amekaa nchini muda wa kutosha kujua kuna mambo hayaulizwi mbele ya mtu mwenye mvi. Akanuna, akawasha moto wake, akakiunga kikombe kile hivyo hivyo bila unga, maana kingine hakikuwepo.

Lori la kurudi Njombe lilianza kupiga honi. Mzee akasimama, akavaa kofia kwa mkono wa kushoto. Nilimsindikiza. Nje kulikuwa na ukungu na upepo wa kukata masikio, na dereva alikuwa anatukana abiria wanaochelewa. Njiani nilivua glavu nikazitia mfukoni, na baridi iliuma mikono yangu iliyopasuka.

Kwenye ngazi ya lori alisimama. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umo mfukoni. Nilijua, na yeye alijua, kwamba akiutoa nitauona. Dereva akapiga honi tena. Mzee akashusha pumzi, akautoa mkono, mweupe kama ulivyokuwa, akaninyooshea.

Niliupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa na mafuta ya nyonyo, wa moto, mkubwa. Alinishika kwa muda, zaidi ya salamu ya kawaida.

"Umetukanwa sana," akasema.

"Ni kazi, baba."

"Hmm." Akatazama pembeni. "Jumamosi uje. Usije peke yako, uje na wazee wako."

Akapanda. Lori likaondoka, nami nikabaki barabarani hadi mpishi aliponiita kwamba fundi ananitafuta, umeme uko tayari na hakuna wa kutazama rangi.

Nilirudi mbio. Tulikichoma kile kikombe chenye bahati mbaya. Kilikuwa chekundu shingo upande, kikachelewa, na fundi akatikisa kichwa muda wote. Herufi iliwaka, lakini upande mmoja ulipepesa kama mtu mwenye vumbi jichoni. Alipomaliza kuziba alizima umeme, akavua miwani, na macho yake yakashuka kwenye mikono yangu. Sikuwa nimevaa glavu. Akanishika kiganja cha kulia na kukisogeza kwenye dirisha. Kilikuwa na mafuta, na juu ya mafuta, kutoka kwenye kidole gumba mpaka kwenye kifundo, kulikuwa na unga mweupe.

"Ah!" akasema, karibu kwa furaha, maana hapendi fumbo. "Kumbe ni wewe kweli!"

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni mimi."

Akasema kuanzia leo nisiguse vikombe tena, kazi yangu ni kufagia. Nikaenda kutafuta ufagio, na sikunawa mkono ule hadi kesho yake.